Injini za vyombo vya biashara vya majini: uteuzi na ununuzi

Injini ya chombo cha biashara cha majini ni mtambo unaoendesha feri, boti ya uvuvi, mashua ya mizigo au chombo kingine kinachofanya kazi ya malipo, na ununuzi wake hutofautiana na ule wa injini ya boti ya matembezi kwa sababu chombo cha biashara hufanya kazi saa nyingi kikiwa kimebeba mzigo, na kila siku kinapolala gatini kwa ubovu huwa ni siku ya hasara. Katika Kaunti ya Taita Taveta suala hili laweza kuonekana geni, hasa Makwasinyi, kijiji kilicho chini ya Mlima Kasigau katika nyika kavu. Lakini upande wa Taveta kaunti hiyo inagusa Ziwa Jipe, lililo mpakani mwa Kenya na Tanzania, na barabara kuu ipitayo Voi huteremka hadi Mombasa, ambako feri za Likoni huvusha watu na magari. Maji hayo mawili hudai injini zisizofanana hata kidogo.

La kwanza kuchunguzwa ni kiwango cha kazi, yaani nguvu ambayo mtengenezaji anakubali injini iitoe kwa muda fulani. Injini ileile huweza kuuzwa ikiwa na nguvu ndogo kwa kazi ya mfululizo, au nguvu kubwa zaidi kwa matumizi ya dakika chache na saa chache kwa mwaka. Mnunuzi anayevutiwa na nguvu farasi nyingi kwa bei nafuu, asiulize ni za kiwango gani, hununua injini itakayochakaa kabla ya wakati wake. Kinyume chake nacho kina madhara, kwani injini ya dizeli iliyo kubwa kupita kiasi, ikiendeshwa muda mrefu bila mzigo wa kutosha, haipati joto la kuchoma mafuta yote, ikajaa masizi na kuanza kula oili.

Nguvu inayohitajika huamuliwa na umbo la chombo. Chombo kizito kinachopasua maji badala ya kuteleza juu yake kina mwendo ambao ni vigumu kuuvuka: chenye urefu wa mita 12 kwenye usawa wa maji hufikia takriban noti 8.4, na nguvu inayoongezwa baada ya hapo huishia kwenye mawimbi. Hata chini ya mwendo huo, kuongeza kasi kwa asilimia 10 hudai nguvu zaidi kwa takriban theluthi moja. Rafadha nayo, yaani panga linalosukuma maji, lazima ilingane na injini na giaboksi, ili injini ifikie mizunguko yake kamili chombo kikiwa kimebeba mzigo.

Gharama kubwa zaidi haimo katika bei ya dukani. Injini ya dizeli hutumia takriban robo lita kwa kila kilowati kwa saa. Inayotoa kilowati 70 kwa saa 8 kwa siku, siku 250 kwa mwaka, huteketeza takriban lita 35,000. Injini za petroli za kupachika tezini zenye mipigo miwili, ambazo wavuvi wengi huzipenda kwa wepesi na urahisi wa kuzitengeneza, hunywa mafuta mengi zaidi kwa nguvu ileile, na unafuu wa bei yake humezwa upesi na chombo kinachotoka kila siku.

Mazingira ndiyo yanayotenganisha Jipe na Mombasa. Maji ya chumvi hula metali, kwa hiyo injini ya baharini hupozwa kwa maji yasiyo na chumvi yanayozunguka ndani yake na kupozwa na maji ya bahari katika kifaa maalumu, huku vipande vya zinki vikiwekwa ili viliwe badala yake. Jipe ni ziwa la maji yasiyo na kina lililovamiwa na magugu, ambayo huziba matundu ya kunyonyea maji na kujisokota kwenye rafadha. Huko injini ndogo inayoinuliwa kwa urahisi inafaa kuliko kubwa iliyofungwa ndani. Zaidi ya hayo, ziwa hilo liko takriban mita 700 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza takriban asilimia 7 ya nguvu zake kwa wepesi wa hewa. Feri ya Likoni, kwa upande wake, husimama na kuondoka kila dakika chache, kazi inayochosha giaboksi kuliko safari ndefu ya mwendo mmoja.

Sheria haiachi hiari yote kwa mnunuzi. Chini ya Kiambatisho cha VI cha mkataba wa kimataifa wa MARPOL, injini ya dizeli ya meli yenye nguvu inayozidi kilowati 130 hupaswa kutimiza viwango vya moshi wa oksidi za naitrojeni, na tangu tarehe 1 Januari 2020 salfa katika mafuta ya meli haipaswi kuzidi asilimia 0.50. Nchini Kenya usalama wa vyombo husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Baharini.

Injini iliyokwisha kutumika si ya kukataliwa moja kwa moja, na kubadilisha injini si jambo geni, kwa sababu bodi la chombo huishi kuliko injini: MV Liemba ya Ziwa Tanganyika, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ilivuliwa mashine za mvuke ikatiwa dizeli katika miaka ya 1970. Hata hivyo, spea zisizopatikana Mombasa na fundi asiyeijua injini hiyo ni sababu tosha ya kuiacha. Mnunuzi na adai majaribio majini chombo kikiwa na mzigo kamili, na malipo ya mwisho yasitolewe kabla ya hapo.