Konrodi na Mpaka: Vipuri vya Land Rover na Historia ya Uhaba Wilayani Serengeti, 1977–1984

Historia ya usafiri katika Tanzania huru imeandikwa zaidi kwa kuangalia barabara na reli kuliko vipuri. Sehemu hii inajenga hoja kwamba konrodi, yaani mkono wa chuma unaounganisha pistoni na krenki, huonyesha ni wapi ubunifu wa fundi ulifikia kikomo katika miaka ya uhaba.

Kutoka Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, njia ya kwenda Kenya hupitia Tarime na Sirari. Mpaka huo ulifungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na kufunguliwa tena mwaka 1983. Katika kipindi hicho, Vita vya Kagera (1978–1979) na kupanda kwa bei ya mafuta vilidhoofisha akiba ya fedha za kigeni. Kwa hiyo Land Rover yenye injini ya lita 2.25, ambayo aina yake ya petroli ilianza kutolewa mwaka 1958, ilipokuwa imenoki, tatizo halikuwa la ufundi pekee. Lilihusu pia kibali cha kuagiza bidhaa kutoka nje.

Vipuri havilingani katika jambo hili. Gasketi huweza kukatwa kwa mkono, na krenki iliyolika huchongwa na kufungiwa beringi nene zaidi. Konrodi ni tofauti. Kofia yake huchongwa pamoja na mwili wake; kofia ya konrodi moja ikifungwa kwenye nyingine, tundu hupoteza mviringo na beringi huharibika mapema. Konrodi iliyopinda nayo huisukuma pistoni upande mmoja wa silinda. Aidha, konrodi zote nne hupaswa kukaribiana uzito.

Pasipo kipuri kipya, mbadala wa kuaminika ulikuwa konrodi kamili, pamoja na kofia yake, kutoka injini nyingine ya aina ileile. Kwa mantiki hiyo, gari lililolala juu ya mawe halikuwa lazima ushahidi wa uzembe. Liliweza kuwa ghala. Mtafiti anayeyahesabu magari hayo kama mabovu tu hukosa kuona akiba iliyoyawezesha mengine kutembea.

Bajeti ya mwaka 1984 iliporuhusu wenye fedha za kigeni kuingiza bidhaa, thamani ya ghala hilo ilianza kubadilika. Hivyo, historia ya uhaba haina budi kuandikwa pia kutoka chini ya boneti.