Kumbukumbu za vita za Wapolandi, Tengeru

Tengeru ni eneo la mkoani Arusha, kwenye barabara kuu itokayo Moshi kupitia Kwa Sadala, lililokuwa na kambi ya wakimbizi wa Polandi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Wakimbizi hao, takriban 5,000, wengi wao wanawake na watoto, walikuwa wamepelekwa Siberia kwa nguvu na Wasovieti. Walifika Tanganyika kupitia Iran kuanzia 1942. Wengi walikuwa na ndugu katika jeshi la Kipolandi la Jenerali Władysław Anders. Miongoni mwa beji na nishani za jeshi hilo, wakusanyaji huuthamini Msalaba wa Monte Cassino wa 1944: kila mmoja una namba, hivyo mmiliki wake wa kwanza huweza kutambuliwa. Makaburi ya Wapolandi wapatao 150 yangali yanatunzwa Tengeru.