Kafa Ulaya

Kabati la mama lilikuwa sanduku la bati chini ya kitanda. Mlikuwamo gauni la kanisani, kitenge, na khanga moja iliyokosa mwenzake. Ilikuwa 1982, nina miaka minane. Duka la ushirika la kijijini kwetu, nje kidogo ya Moshi, lililetewa khanga, na doti ya mwisho ikamwangukia mama. Nyuma yake alisimama jirani yetu, mtoto mchanga mgongoni. Mama akaomba mkasi, wakaikata doti pale pale kaunta. Foleni ile watu walikuwa wameilalia. Aliyechoka aliacha jiwe mahali pake akaenda kulala, na jiwe liliheshimiwa. Wanangu nikiwasimulia wanadhani natunga.

Viwanda tulikuwa navyo. Urafiki pale Ubungo kilianza 1968 kwa msaada wa Wachina. Lakini baada ya vita vya Kagera fedha za kigeni zilikauka, vipuri havikuja, mashine zikasimama. Mpaka wa Kenya nao ulifungwa tangu 1977 hadi Novemba 1983, kwa hiyo sisi wa Kilimanjaro tulivishwa na magendo, yaliyotoka Taveta kwa njia za panya.

Humo ndimo zilimopita nguo zilizokwisha kuvaliwa. Watu waliziita kafa Ulaya: mwenyewe amekufa huko, ndugu wamezitoa. Jina hilo lina kejeli, ila mimi nalisoma kama hesabu ya watu wenye akili timamu. Koti zima, vifungo vyote vipo, lingetokaje mikononi mwa mtu aliye hai? Kwamba amelichoka tu, hilo halikutujia.

Mwaka 1983 ikaja operesheni ya wahujumu uchumi, Sokoine akiwa Waziri Mkuu. Waliokuwa na majora ya vitambaa uvunguni waliyatupa usiku. Mwaka uliofuata serikali ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa wamezipata wapi. Akaja Rais Mwinyi, Mzee Ruksa, na mlango ukabaki wazi.

Mama alianza kuuza mitumba katika soko la Memorial. Belo la kilo 45 hununuliwa likiwa limefungwa, ni kamari. Siku ya kulifungua nilikuwa naye alfajiri, kabla ya shule. Wateja wake wa siku zote walichagua kwanza, waliofuata walilipa kidogo, mabaki yakapigwa mnada kwa sauti. Mifukoni tuliokota tiketi za basi za miji tusiyoijua. Siku moja tukatoa blauzi tatu, karatasi za bei bado zinaning'inia. Mama alizigeuza, akanusa makwapa. Hazikuwa zimevaliwa hata mara moja. "Huyu naye alikufa?" akauliza.

Baadaye nilielewa njia ya nguo hizo. Mtu wa huko kabati limemjaa, anajaza mfuko, anaupeleka kwa shirika la hisani, moyo unatulia. Shirika linauza sehemu kubwa kwa kilo. Wafanyabiashara wanachambua, wanafunga, kontena linashuka Mombasa au Dar es Salaam. Sadaka imegeuka bidhaa bila mtoaji kujua. Silaumu, maana ada yangu ya sekondari ilitoka humo. Lakini mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walipokubaliana kuachana na mitumba ifikapo 2019, Marekani ilitishia kuwanyima nafuu ya AGOA, ya kuuza bidhaa huko bila ushuru. Nchi nyingine zikalegeza, Rwanda ikashikilia, na 2018 nguo zake zikaondolewa katika nafuu hiyo. Wapi umeona mtu akiadhibiwa kwa kukataa suruali ya mwenzake?

Mama hakupiga mnada nguo za watoto. Zilizobaki alizifunga kwenye shuka, akapita nazo kwa majirani akisema zimemshinda kuuza. Uongo mtupu, zingetoka kabla ya saa nne.

Leo ana kabati la milango mitatu. Juzi nilihesabu sare za harusi: vitenge kumi na moja, kila kimoja kimevaliwa siku moja. Nimemwambia aanze kugawa. Anasema nani atavitaka, kila mtu anavyo vyake.

Khanga ya 1982 haimo. Ilimbeba mdogo wangu, ikawa pazia, ikawa nepi, na mwisho ikawa dekio.