Kivuli cha Makao Makuu

Jumapili ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa Januari, Dodoma huhamia bustanini. Pale Nyerere Square, katikati ya jiji, akina mama hutandika khanga chini ya miti, vijana husubiri zamu ya kupigwa picha mbele ya sanamu ya Mwalimu, na watoto hukimbizana ndimi zikiwa nyekundu kwa ubuyu. Wamo pia wageni: ndugu waliokuja kula sikukuu, ambao wengi siku hizi hushuka kwenye treni ya mwendokasi iliyoanza kufika hapa kutoka Dar es Salaam Julai 2024. Likizo ndefu imekwisha, ada zinasubiri, sare zimeshapigwa pasi. Jioni hiyo ya mwisho watu wanataka mahali pa kukaa pamoja pasipo kiingilio wala haraka.

Mgeni wa Januari huikuta nyasi imechipua, akadhani Dodoma ndivyo ilivyo mwaka mzima. Sivyo. Uwanda huu wa kati, wenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, hupata mvua isiyofika milimita 600 kwa mwaka wa kawaida, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Kuanzia Mei hadi Novemba ni upepo, vumbi na jua. Bustani inayodumu hapa ina mtu aliyeamua iwepo, na maji aliyoamua kuyatoa. Kwa hiyo historia ya bustani za Dodoma ni historia ya maamuzi, na ukiifuata utaona jinsi taifa lilivyotaka makao makuu yake yawe.

Wagogo walijua thamani ya kivuli kabla hapajawa na mji. Katika nchi ya migunga na vichaka vya miiba, mbuyu uliachwa usimame kwa sababu ulilisha na kuhifadhi: matunda yake ni ubuyu, majani ni mboga, magome ni kamba, na chini yake watu na mifugo walipumzika. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakaivusha uwandani hapa na kuifikisha Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kando ya stesheni ndipo ulipokua mji wa Dodoma. Lakini reli haikuleta maji. Vita Kuu ya Kwanza ilipochukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa Ugogo, kisha mvua zikakosekana, ikaja njaa ya 1917 hadi 1920 ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Nchi iliyopitia hayo haichezei tone la maji.

Kule pwani, bustani ilianza kwa sababu nyingine kabisa. Bustani ya mimea ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1893, ilikuwa shamba la majaribio: serikali ya kikoloni ilitaka kujua ni mazao gani ya biashara yangestawi katika ardhi ya Afrika Mashariki. Bustani za Dodoma zilikuja na swali jingine: mwananchi wa kawaida atakaa wapi katika mji mkuu wake?

Swali hilo liliulizwa rasmi baada ya TANU kuamua, Oktoba 1973, kwamba makao makuu yahamie Dodoma. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo kila mkazi aliijua kwa jina la CDA, ilikabidhiwa kazi hiyo. Mpango kabambe wa mwaka 1976 ulichorwa na kampuni ya Kanada, Project Planning Associates, chini ya Macklin Hancock. Wakati ule dunia ilikuwa bado inaitazama Brasília, iliyozinduliwa mwaka 1960 kwa barabara pana na majengo ya fahari. Dodoma ilichagua njia yake, kwa kufuata fikra za ujamaa: jumuiya za makazi zenye soko na shule za kufikika kwa miguu, mabasi yenye njia zake, na kati ya makazi hayo maeneo ya wazi, mashamba na miti. Katika mpango huo uwanda wa kijani ulikuwa sehemu ya mji tangu karatasi ya kwanza, sawa na ofisi na mabomba.

Fedha zilichelewa. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 na msukosuko wa uchumi uliofuata viliirudisha nyuma kazi ya ujenzi. Ila miti iliyopandwa iliendelea kukua, hasa mwarobaini, usioogopa ukame. Wizara nyingi zilibaki Dar es Salaam kwa miongo mingine, huku kivuli cha makao makuu kikiwa kimeshafika.

Kisha mambo yakaenda mbio. Mwaka 2016 Rais Magufuli alitangaza serikali yote ihamie. Mwaka 2017 CDA ilivunjwa na shughuli zake kukabidhiwa halmashauri. Tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956. Ya 2022 ikahesabu 765,179. Desemba 2017, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kuifanya Dodoma kuwa ya kijani. Halmashauri nayo ikajenga bustani ya mapumziko ya Chinangali, ambako siku ya mwisho ya likizo sauti za watoto husikika kabla hujafika getini.

Ni katika mojawapo ya bustani za jiji nilipomkuta mama mtunza bustani akiwa amechuchumaa kwenye mche wa mwarobaini. Alikuwa akichimba kisahani: duara la kina cha kiganja kuzunguka shina, ukingo wake umeinuliwa ili maji yasitoroke. Ndani alitandaza nyasi kavu zilizofyekwa, nje akachomeka vijiti vyenye miiba kuzuia mbuzi.

"Shikamoo mama. Mbona unahangaika na mche mvua ikiwa inanyesha?"

"Marahaba mwanangu. Mvua hii ni mgeni, itaondoka. Mti ukivuka viangazi viwili, basi, umekuwa wa watu."

Viangazi viwili ndicho kipimo. Siku ya kupanda miti huja na magari na hotuba, lakini mti hukua au hufa Septemba, wakati hakuna anayetazama isipokuwa yule mwenye mpira wa maji. Na maji yenyewe ni ya kugawana: kwa miongo mingi jiji limetegemea visima vya Makutupora na Mzakwe, kaskazini mwa mji, huku idadi ya wanywaji ikizidi kupanda.

Ndiyo maana ninaamini bustani ziingie katika hesabu ya kila mwaka, pamoja na mshahara wa mtunzaji wake. Mji unapanuka kuelekea Mtumba, Ihumwa, Nzuguni na Iyumbu, na ardhi inayopimwa leo haitarudi kuwa wazi kesho. Kila mtaa mpya utengewe eneo lake la kijani kabla kiwanja cha mwisho hakijagawiwa, na lipandwe miti inayoijua nchi hii: mwarobaini, mgunga, mkwaju, mbuyu. Familia ya Nzuguni isilazimike kupanda daladala mpaka katikati ya jiji ili ipate kivuli cha kuagia likizo. Wizara zimeshahamia, Ikulu iko Chamwino, Bunge lina ukumbi wake. Mwananchi naye alipangiwa nafasi yake mwaka 1976, na anastahili kupewa yote.