Manamba wa mkonge

Manamba walikuwa vibarua wa mkataba katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, hasa Tanga na Morogoro. Wengi walitoka mbali: Kigoma, Songea, Ruanda-Urundi na Msumbiji. Hilo halikutokea kwa bahati; kodi ya kichwa iliwalazimu watu kutafuta fedha taslimu, na mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kuandikisha vibarua, SILABU. Mkata mkonge alipewa kipande, yaani kadi ya kazi, chenye visanduku 30. Kila alipomaliza kazi ya siku, kisanduku kimoja kilitiwa alama, na mshahara ulisubiri vijae vyote.

Baada ya uhuru serikali ilipandisha kima cha chini cha mshahara. Waajiri wakapunguza watu na kumwongezea kazi kila aliyebaki, huku uzalishaji ukifikia kilele mwaka 1964, takriban tani 230,000. Kisha nyuzi za plastiki zikaingia sokoni, na mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa chini ya Azimio la Arusha. Lawama za anguko la mkonge hutupiwa utaifishaji peke yake, jambo lisilo la haki: bei ilianza kuporomoka kabla ya Azimio hilo. Mashamba ya umma yalibinafsishwa miaka ya 1990.