Miguu ya Wazee Wetu: Nani Aaminiwe Kukata Kucha?

Mjomba wangu anaishi Luanda Kotieno, kule Rarieda, Kaunti ya Siaya, feri zinakovukia kwenda Mbita. Aliondoka Pwani kufuata biashara ya samaki, akazeekea ziwani. Mwaka jana nilipomtembelea nilimkuta anatawadha, kidole gumba cha mguu kimefungwa kitambaa.

"Kinyozi wa sokoni alinikata kucha, wembe ukateleza. Lakini hata hapaumi, mwanangu."

Kwa mgonjwa wa sukari, "hapaumi" ndilo neno la kuogofya. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, mguu ukafa ganzi. Tena hupunguza mwendo wa damu, kidonda kikakataa kupona. Mkato mdogo waweza kuishia mguu mzima kukatwa. Cha mjomba, Alhamdulillahi, kilipona baada ya wiki kadhaa za kusafishwa. Nami nikajifunza hili: mtaalamu wa kweli huuliza na kupima kabla ya kukata.

Waliosomea miguu pekee ni wachache mno nchini mwetu, basi usisubiri kuwapata. Anza na muuguzi au afisa wa kliniki anayehudumia wagonjwa wa sukari katika kituo kilicho karibu. Likimzidi, akuandikie rufaa. Kwa watu wa kando ya ziwa, hospitali kubwa ya rufaa ni ya Jaramogi Oginga Odinga, Kisumu.

Kabla hujamkabidhi mzee wako, tazama haya:

Leseni. Wauguzi, maafisa wa kliniki na madaktari kila mmoja ana baraza lake la kumsajili. Kuomba kuiona leseni si utovu wa adabu.

Maswali. Je, ameuliza habari za sukari, presha, uvutaji sigara, vidonda vya zamani, na dawa za kuzuia damu kuganda? Asiyeuliza asishike kisu.

Vipimo. Atavua viatu vyote viwili, apapase mapigo ya damu juu ya wayo na nyuma ya fundo la ndani, kisha aguse nyayo kwa uzi maalumu kupima ganzi.

Vifaa. Viwe vimechemshwa kwa mashine ya mvuke. Kufuta kwa spiriti peke yake hakutoshi. Wembe wa mtu mmoja usiguse mwingine.

Mipaka. Kucha hukatwa sawasawa, pembe zisichimbwe. Akiona kidonda, weusi, usaha au joto lisilo la kawaida, ampeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Mwenye sukari ambaye miguu yake ni mizima akaguliwe angalau mara moja kwa mwaka. Aliyewahi kupata kidonda, kila baada ya mwezi 1 hadi 3.

Nyumbani, udhu ni nafasi ya kuikagua miguu mara tano kwa siku. Tukisha kuosha katikati ya vidole, tukaushe vizuri, maana unyevu huleta fangasi. Maji ya moto ayajaribu mwingine kwa kiwiko, kwani mguu wenye ganzi huungua bila habari.

Mjomba haoni vizuri tena, kwa hivyo mjukuu humkagua nyayo kila jioni. Kwa kinyozi bado anakwenda, lakini siku hizi ni kichwa tu.