Hospitali za Profesa Muyembe: kutoka Yambuku hadi Butembo

Mwaka 2019 nilikuwa mwanafunzi wa sekondari mjini Butembo, mashariki mwa Kongo. Kila lango lilikuwa na ndoo ya maji ya klorini na mtu wa kukupima joto kwenye paji la uso. Jioni moja nyanya yangu alishikwa na homa. Tulimsihi aende kupimwa, akakataa siku tatu nzima. "Mjukuu wangu, nikifa nife kitandani kwangu. Kule mtu anaingia kwa miguu yake, anatoka ndani ya mfuko." Baadaye alikubali, akapimwa, ikawa ni malaria. Nyumbani tulicheka na kusema kwamba wazee ni wabishi. Leo, baada ya miaka kadhaa ya kusoma historia hapa Kampala, sicheki tena. Naona alikuwa na hoja, tena hoja yenye ushahidi.

Katika insha hii nitaipima hoja hiyo kwa kumfuata daktari mmoja wa magonjwa ya kuambukiza, Profesa Jean-Jacques Muyembe Tamfum, katika hospitali alizofanyia kazi. Waandishi wengi wanaomtaja hushughulikia swali moja tu: nani aligundua Ebola, yeye au Wazungu? Swali hilo ni la haki nami nitaligusa, lakini sidhani kama ndilo lililo kubwa. Kubwa zaidi ni kwamba maisha ya kazi ya mtu huyu yalianzia katika hospitali iliyokuwa ikieneza ugonjwa, na sehemu kubwa ya juhudi zake ilikuwa kuifanya hospitali iwe tena mahali pa kupona.

Muyembe alizaliwa mwaka 1942 katika eneo la Bandundu, magharibi mwa nchi. Alimaliza udaktari Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa, mwaka 1969, kisha akaenda Leuven, Ubelgiji, akapata shahada ya uzamivu katika elimu ya virusi mwaka 1973. Aliporudi akawa mwalimu wa chuo kikuu. Hakuwa daktari wa wodi. Yeye ni mtu wa darubini na sampuli. Lakini nchi haikuwa na maabara ya kumtosha, na kwa hiyo ilimbidi aufuate ugonjwa kule ulikokuwa.

Septemba 1976 alitumwa Yambuku, kaskazini mwa Zaire ya wakati huo. Kulikuwa na hospitali ya misheni yenye vitanda 120, iliyoendeshwa na masista wa Ubelgiji pamoja na wauguzi wa Kizaire. Watu walikuwa wakifa kwa homa kali na kutokwa na damu. Muyembe alidhani ni homa ya matumbo au homa ya manjano. Alitoa damu ya wagonjwa bila glavu, kwa kuwa hazikuwepo. Baadaye alisimulia kwamba alipochomoa sindano damu iliendelea kutiririka, ikamlowanisha vidole, jambo ambalo hakuwa amewahi kuliona. Alinawa kwa sabuni na maji. Pengine ndiyo sababu tunaye hata leo.

Ni nini kilikuwa kikiendelea Yambuku? Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba kila asubuhi kliniki ya wagonjwa wa nje ilipewa sindano tano, na hizo tano zilitumika kwa wote waliokuja siku hiyo, zikisuuzwa tu kati ya mgonjwa mmoja na mwingine. Mgonjwa wa kwanza kujulikana, mwalimu wa shule ya misheni, alichomwa sindano ya klorokwini hapo mwishoni mwa Agosti. Wanawake wajawazito waliofika kliniki nao walikuwa wakichomwa. Kati ya wafanyakazi 17 wa tiba, 11 walifariki, na hospitali ikafungwa. Kwa jumla waliugua watu 318 na kufa 280. Nataka tuitazame picha hiyo bila kumtukana mtu yeyote. Masista hao hawakuwa wabaya. Wengine walikufa wakiwahudumia wagonjwa. Hata hivyo mwanakijiji wa Yambuku aliyesema kwamba hospitali inaua angekuwa amesema kweli, tena mapema kuliko wataalamu.

Muyembe aliondoka Yambuku pamoja na sista mmoja mgonjwa, na safari yao ikaishia Kliniki ya Ngaliema, Kinshasa. Sista huyo alifariki. Damu yake iliwekwa kwenye chupa ya chai ya buluu na kupelekwa kwa ndege hadi Antwerp. Huko, na katika maabara za Uingereza na Marekani, kirusi kipya kilitambuliwa. Kikapewa jina la mto Ebola, ulio mbali na Yambuku, ili kijiji kisibaki na aibu ya ugonjwa. Pale Ngaliema nako hospitali ilimgharimu mfanyakazi wake: muuguzi kijana Mayinga N'Seka alimhudumia sista, akaambukizwa, akafa Oktoba 1976. Jina lake bado liko katika vitabu, kwa sababu aina ya kirusi iliyotoka katika damu yake inaitwa Mayinga.

Hapa ndipo linapoingia swali la ugunduzi. Vijana wa maabara ya Antwerp, hasa Peter Piot, walipata sifa duniani, na yule aliyekwenda kijijini na kutoa damu kwa mikono mitupu akasahauliwa kwa miongo kadhaa. Muyembe mwenyewe ameeleza kwamba alituma sampuli nje kwa kuwa Zaire haikuwa na mahali pa kuzichunguza. Jibu lake lilikuwa la vitendo. Tangu mwaka 1998 ameiongoza Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba, INRB, iliyoanzishwa Kinshasa mwaka 1984, na akasisitiza kwamba sampuli za Wakongo zihifadhiwe Kongo. Naona jibu hilo lina uzito kuliko malalamiko yoyote.

Kabla ya hapo ilikuja Kikwit, mwaka 1995, mji wa eneo la kwao la Bandundu. Hospitali ilikuwa tena katikati ya mkasa. Fundi mmoja wa maabara alipasuliwa tumbo ikidhaniwa ana matatizo ya homa ya matumbo, na madaktari na wauguzi waliomfanyia upasuaji wakaanza kuugua mmoja baada ya mwingine. Muyembe alipoitwa aliyakumbuka ya Yambuku. Kwa jumla waliugua watu 315, wakafa wapatao 250, na robo ya wagonjwa walikuwa wafanyakazi wa afya.

Mwishoni mwa mlipuko ule, Muyembe na madaktari wa Kikwit walichukua damu ya watu waliopona wakawaongezea wagonjwa wanane. Saba walipona. Wataalamu wa nje walitilia shaka: wagonjwa ni wachache mno, hapakuwa na kundi la kulinganisha, na huenda walipona kwa sababu huduma ilikuwa imeboreka. Kisayansi walikuwa na haki. Lakini wazo halikufa. Zaidi ya miaka kumi baadaye, damu ya mtu aliyepona Kikwit ilichunguzwa Marekani na humo ikapatikana kingamwili iliyopewa jina la mAb114.

Sasa nirudi kwetu. Mlipuko wa Kivu Kaskazini na Ituri ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukianzia Mangina, karibu na Beni. Safari hii silaha zilikuwepo: chanjo, iliyotolewa kwa zaidi ya watu 300,000, na dawa nne zilizojaribiwa kuanzia Novemba 2018 katika vituo vyetu vya matibabu, chini ya INRB na washirika wake. Agosti 2019 jaribio lilisimamishwa mapema kwa kuwa dawa mbili zilikuwa wazi zimezishinda nyingine. Kati ya waliopewa mAb114 walikufa takriban asilimia 35, wakati waliopewa dawa ya kulinganishia, ZMapp, walikufa karibu nusu. Waliowahi kituoni mapema walipona kwa wingi zaidi. Kwa mara ya kwanza daktari wa Ebola aliweza kumwambia mgonjwa: njoo, nitakutibu, wala asiwe anadanganya.

Lakini nani alikuwa tayari kumsikiliza? Desemba 2018 upigaji kura uliahirishwa Beni na Butembo, na Ebola ikatajwa kuwa sababu mojawapo. Watu wakasema ugonjwa ni siasa. Magari mapya ya riposti, yaani timu za kupambana na mlipuko, yalipita mitaani, watu wakasema ni biashara. Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilichomwa moto. Tarehe 19 Aprili Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni wa Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi ndani ya hospitali mjini kwetu. Siku ile walimu walituruhusu turudi nyumbani mapema, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Kuna jambo ambalo sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna wajibu wa kulisema. Wataalamu wengi wa mwanzo walitoka Kinshasa wakizungumza Kifaransa na Kilingala. Kwetu lugha za kila siku ni Kinande na Kiswahili, na Kilingala masikioni mwa wazee wetu ni lugha ya askari. Ujumbe sahihi kabisa wa kitabibu ukiletwa kwa Kilingala ulisikika kama amri ya kambini. Muyembe, aliyekabidhiwa uongozi wa mapambano na rais Julai 2019, naye ni mtu wa magharibi. Alisisitiza kazi za kuzuia ugonjwa zikabidhiwe kwa wenyeji. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Kwa hesabu hiyo siwezi kuandika kwamba dawa ilishinda. Dawa ilifika, imani ilichelewa, na katikati ya hayo mawili wengi walizikwa.

Nyanya yangu hakushawishiwa na takwimu wala bango. Alikuja muuguzi wa mtaa wetu, mtoto wa rafiki yake, bila mavazi yale meupe. Akakaa kwenye kigoda uani, mbali kidogo, wakazungumza Kinande mpaka giza likaingia. Asubuhi nyanya akaomba kitenge chake kizuri.

Likizo iliyopita nilimsimulia habari za Kikwit, jinsi dawa iliyowaponya watu Butembo ilivyotoka katika damu ya Mkongo mwenzetu, na kwamba mwaka 2020 iliidhinishwa Marekani kwa jina la Ebanga. Alisikiliza hadi mwisho.

"Na huyo mwenye damu anaitwa nani?"

Nilimjibu kwamba makala za kisayansi zinamtaja kwa herufi na namba tu.

"Basi wewe unayesoma," alisema, "ungeanza kumtafuta huyo."